Ni Nani Tunayemwita Mwovu?



Ni vigumu kukuta kijiji, iwe katika milima ya Umatengo au katika mwambao wa Ziwa Nyasa kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, ambacho hakina mtu ambaye watoto wameagizwa wasipite mlangoni pake jioni. Aghalabu ni mwanamke, tena mzee, tena mjane. Watoto wake wamekufa au wamehamia mbali. Ukiuliza amefanya nini, hutaelezwa tendo. Utaelezwa jina: ni mchawi.

Katika kijiji hicho hicho yuko mtu mwingine. Huyu hununua kahawa kwa magoma. Miezi ya masika, wakati ghala ni tupu na mtoto anadaiwa ada, mkulima humwendea akapokea fedha kidogo na kuahidi kulipa kwa kahawa. Mavuno yanapofika, mkopeshaji huchukua mzigo wenye thamani maradufu ya fedha alizotoa, pengine na zaidi. Mkulima hubaki na deni la mwaka ujao. Ukiuliza jina la mtu huyu, utaambiwa ni mfadhili. Siku ya harambee ya parokia hukalishwa kiti cha mbele.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunauliza: ilikuwaje yule ambaye hatujui tendo lake akaitwa mwovu, na yule ambaye tendo lake twalijua sote akaitwa mheshimiwa? Kila jamii ina haki na wajibu wa kutenganisha mema na mabaya. Kijiji kisichokemea wizi, uongo na umwagaji wa damu hakitasimama. Lakini jamii inaweza pia kukosea katika kazi hiyo, ikampa mnyonge jina baya kwa sababu hana wa kumtetea, ikamsitiri mwenye nguvu kwa sababu inamhitaji. Kosa hilo ndilo tunalotaka kulitazama pamoja nanyi.

JINA HUTOLEWA NA NANI?

Tuanze na historia ya mkoa wetu wenyewe. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Majimaji, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule wabeba jina lake, naye alinyongwa. Kwa watawala wa siku hizo watu hao walikuwa waasi na wahalifu. Wengine wao walibatizwa na mmisionari kabla ya kunyongwa, maana hata Kanisa liliwatazama kama wakosefu wanaokwenda kufa. Leo, kila mwezi wa Februari, taifa huwakumbuka mahali pale pale kama mashujaa. Tendo lao halikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye mamlaka ya kutoa jina.

Tutoe na mfano wa karibu zaidi. Kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa katika shule za serikali za nchi yetu, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi masomoni baada ya kujifungua. Msichana aliyefukuzwa Oktoba na yule aliyepokelewa mwaka uliofuata hawakutofautiana kwa lolote. Na katika miaka yote hiyo, ni mara ngapi tulisikia mwanamume aliyehusika akisimamishwa mbele ya wazazi?

Hatusemi kwamba hakuna jema wala baya, na kwamba yote ni maneno ya watu. La hasha. Amri za Mungu hazibadiliki kwa tangazo. Tunasema tu kwamba jina la mwovu hutolewa na binadamu, na binadamu hutazama uso. Kwa hiyo kila tunaposikia mtu akiitwa jina baya, yatupasa kuuliza maswali matatu: ametenda nini? Nani ameshuhudia? Nani anafaidika na jina hilo?

JINSI MCHAWI ANAVYOTENGENEZWA

Tuchukue mfano. Si kisa cha mtu mmoja. Ni sura inayokutana katika visa vingi. Vijana wawili wanakwenda kuvua usipa usiku. Upepo mkali wa kusini unavuma, mtumbwi unapinduka, mmoja anakufa. Kila mvuvi anajua kwamba ziwa letu huua. Lakini mama wa marehemu haulizi kwa nini mtumbwi ulipinduka. Anauliza kwa nini umpindukie mwanawe na si yule mwingine. Ni swali la uchungu, na uchungu haukubali kukosa jibu. Msibani mtu mmoja anakumbuka kwamba bibi wa jirani aliomba usipa wiki iliyopita akanyimwa, akaondoka ananung'unika. Mwingine anakumbuka macho yake mekundu, akasahau miaka hamsini ya moshi wa kuni jikoni. Kufika arobaini, bibi ana jina.

Kisha anaitwa mganga wa kuthibitisha. Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1930 dawa ya mchape ilitoka Nyasaland ikaenea hadi kusini mwa Tanganyika; watu walipangwa mstari, wakanyweshwa dawa ya kuwatambua na kuwatakasa wachawi. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 watu wengi, hata kutoka upande wetu wa mpaka, walisafiri hadi Rumphi, kaskazini mwa Malawi ya leo, kwa mganga aliyeitwa Chikanga. Miaka ya karibuni waganga wa namna hiyo wameitwa kamchape katika Rukwa na Kigoma, na lambalamba katika nyanda za juu za kusini. Majina hubadilika, lakini kazi ni ile ile: kuingia kijijini kwa malipo, kupekua nyumba, kutoa pembe au kibuyu mbele ya umati, na kuondoka. Mganga hulala kwake. Kijiji ndicho kinachobaki na jirani ambaye hakuna tena awezaye kula naye.

Tujiulize: mganga aliyekodiwa atafute mchawi, akasema hakumkuta, nani atamlipa? Kwa hiyo humkuta. Tena humkuta mahali ambapo kijiji kimekwisha kuelekeza kidole, kwa sababu akimtaja mtu mwenye jamaa wengi na nguvu, yeye mwenyewe hatatoka salama. Hapa twaona jinsi mashtaka haya yanavyopanda mlima: daima huteremkia kwa mnyonge, wala hayamfikii mkubwa.

Matokeo yake twayajua. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilieleza mwaka 2009 kwamba katika muda wa miaka mitano tangu 2004, wanawake wazee zaidi ya 2,500 waliuawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa minane, hasa ya Kanda ya Ziwa na magharibi. Tusiseme kwamba hayo ni ya Usukumani. Kwetu sisi, pengine, panga halichomolewi upesi. Bibi huchomewa kibanda, au hukatiwa migomba, au huachwa tu: hapewi moto, hateuliwi zamu ya maji, hazikwi na watu. Kuna kuua kwa panga, na kuna kuua kwa kumgeuzia mtu kisogo.

Sheria ya nchi inasemaje? Sheria ya Uchawi ilitungwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1928, na ingali katika vitabu vya sheria zetu. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na inamtia hatiani pia anayemshtaki mwenzake hovyo kuwa mchawi. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya kutisha ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Lakini sheria haitekelezwi pale ambapo mwenyekiti wa kijiji mwenyewe ndiye aliyekusanya mchango wa kumwita mganga.

WALA TUSIJISIFU KWA UKRISTO WETU

Huenda mmoja wenu akasema kwamba hayo ni mambo ya ushenzi, na kwamba imani imekwisha kutuondoa huko. Tungependa iwe hivyo. Lakini nchi za Ulaya, ambako imani ilitujia, zilikuwa zimebatizwa kwa karne nyingi zilipowaua watu kwa uchawi. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya karne ya 15 na ya 18 waliuawa watu 40,000 hadi 60,000, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika nchi za Kijerumani. Waliohukumu walikuwa waamini. Mahakimu walisali kabla ya kuketi.

Katika giza hilo alisimama padre mmoja, Friedrich Spee, Mjesuiti. Mwaka 1631 kitabu chake kiitwacho Cautio Criminalis kilichapishwa bila jina lake, kwa maana kusema hivyo kulikuwa hatari. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana iliuma. Alionyesha kwamba mshtakiwa hakuachiwa mlango wa kutokea: akiogopa, woga ulikuwa ushahidi, asipoogopa, ujasiri ulikuwa ushahidi. Akiteswa, angekiri lolote, na kuwataja wengine. Wachawi waliongezeka, alisema, kwa sababu mahakama yenyewe iliwatengeneza.

Tuyapime hayo kwa vijiji vyetu. Bibi akilia msibani, watu husema anajificha. Asipolia, husema amefurahi. Akienda kanisani, anatafuta kinga. Asipoenda, tulijua. Pale ambapo kila jibu ni hatia, hakuna hukumu, kuna mtego.

WAOVU TUSIOWATAJA

Sasa tugeuke upande wa pili. Wakati kijiji kizima kinamtazama bibi, ni mambo gani yanapita bila kutazamwa?

Tumekwisha kutaja magoma. Viongozi wa serikali wamekemea biashara hiyo mara nyingi, lakini jumuiya zetu hunyamaza, kwa sababu mnunuzi ni jamaa, au ni msimamizi wetu wa ubatizo, au tutamhitaji mwakani. Torati na manabii walikemea vikali kumnyonya maskini kwa mkopo, kuliko makosa mengi tunayoyasimamia kwa ukali mlangoni pa kanisa.

Tutaje pia shemeji anayempokonya mjane shamba la kahawa kabla ya udongo wa kaburi kukauka. Huyu huitwa mlinzi wa mali ya ukoo. Mume anayempiga mkewe hadi kumvunja meno huitwa mkali. Kiongozi wa chama anayekula fedha za wakulima huitwa mjanja, na vijana wanamwonea wivu badala ya haya. Na mwanamume anayempa mimba binti wa shule huendelea kuimba kwaya, huku binti akiketi nyuma ya kanisa au asije kabisa.

Hatuyasemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole tu. Sisi viongozi wa walei ndio tunaotunza daftari la michango na orodha ya wanaostahili na wasiostahili. Ni rahisi kwetu kumsimamisha mama asiyelipa zaka. Ni vigumu kumwuliza tajiri alipata wapi ng'ombe aliyetolea sadaka. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sisi tumeshika nusu ya kwanza ya methali hiyo.

JE, TUNAKANA KWAMBA UOVU UPO?

Ndugu wengine hutuuliza: je, Tume inasema hakuna uchawi, na wenye nia mbaya waachwe wafanye watakavyo?

Jibu letu ni hili. Kwamba binadamu anaweza kumchukia mwenziwe hadi kumtakia kifo, hilo tunalijua. Kaini hakufundishwa na mganga. Mtu akimtilia mwenzake sumu, huyo ni mwuaji, na ushahidi wa sumu watafutwa hospitalini na polisi. Mtu akitishia kuua, kitisho hicho ni kosa, na kipo cha kushuhudia. Lakini tendo lisiloonekana, lisilo na shahidi, ambalo kukanusha kwake ndiko kunakolithibitisha, haliwezi kuhukumiwa na mahakama yoyote ya haki. Torati iliagiza mashahidi wawili au watatu, ikaagiza pia kwamba shahidi wa uongo apate adhabu ile ile aliyoikusudia kwa mwenzake. Kama agizo hilo lingeshikwa katika vijiji vyetu, ni wangapi wangethubutu kumtaja bibi?

Mitume nao walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali lao ni swali letu la msibani. Bwana alilikataa swali lenyewe, kisha akamponya yule kipofu. Tukifuata mfano huo, baada ya mtumbwi kupinduka tungeuliza habari za maboya ya kujiokolea na za kutazama hali ya ziwa, na tungemsaidia mama aliyefiwa.

MEZA YA SENGU NA MEZA YA BWANA

Wamatengo walikuwa na sengu. Wazee wanaikumbuka. Wanaume wa ukoo walikutana kwa mkubwa wao, kila mke akaleta chakula, wakala pamoja. Mgeni alikula, yatima alikula. Baada ya chakula yalizungumzwa mambo ya mashamba, vijana wakafundishwa, na waliogombana wakasikilizwa. Aliyekosa hakujadiliwa akiwa hayupo. Aliambiwa mbele ya uso wake na watu ambao mikono yao ilikuwa imetoka katika chungu kimoja na wake, na ambao kesho wangekula naye tena. Sengu ilidhoofika kadiri familia zilivyotawanyika na maisha kubadilika. Miaka ya 1990 na baadaye, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakishirikiana na Wajapani walipofanya kazi za maendeleo Mbinga, waliona thamani yake, na jina hilo likapewa kamati za vijiji.

Hatutaki kuipamba. Sengu ilikuwa ya wanaume; mwanamke alileta chakula akaondoka, na maneno yake yalifika kwa kinywa cha mwingine. Jambo hilo lisirudi. Lakini moyo wa sengu twauhitaji: kumwambia mkosaji kosa lake usoni, bila kumwondoa mezani.

Tena moyo huo wafanana na Injili ya Mathayo, sura ya 18. Ndugu yako akikosa, mwendee peke yako. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, liambie Kanisa. Sisi hugeuza ngazi hiyo: hulianza kanisani kwa minong'ono, na mkosaji huwa wa mwisho kusikia. Na yule asiyelisikia hata Kanisa, Bwana aliagiza awe kwetu kama mtoza ushuru. Wengi husoma hapo ruhusa ya kumtenga daima. Wasahau kwamba Bwana mwenyewe aliingia nyumbani kwa watoza ushuru akala nao.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwanza, kiongozi yeyote wa parokia, kigango au jumuiya asichange wala asikusanye mchango wa kumwita mpiga ramli, wala asihudhurie shughuli yake.

Pili, mtu akitajwa kuwa mchawi, viongozi wa jumuiya wafike kwake siku hiyo hiyo, wasali na kula pamoja naye, watu wakiona. Chakula hicho kina nguvu kuliko mahubiri. Pakiwa na hatari, taarifa itolewe polisi na serikali ya kijiji bila kuchelewa. Ndugu zetu Waanglikana, ambao ni wengi mwambaoni, waalikwe tushirikiane.

Tatu, mazungumzo ya jumuiya yataje matendo, si majina ya kubandika. Badala ya kusema fulani ni mtu mbaya, tuseme fulani alifanya jambo hili, siku hii, na hawa ni mashahidi.

Nne, jumuiya zianzishe mfuko mdogo wa akiba na mikopo kabla ya miezi ya njaa, ili mkulima asiende kwenye magoma. Kumkemea mkopeshaji bila kumpa mkulima njia nyingine ni maneno matupu.

Tano, binti aliyejifungua asaidiwe kurudi shule, na baba wa mtoto aitwe kuwajibika, hata akiwa mwenzetu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu ni nani ambaye watu hawali kwake? Je, tendo lake lina shahidi?

2. Ni tendo gani la dhuluma ambalo sote twalijua na hatulitaji? Tunaogopa kupoteza nini?

3. Mara ya mwisho tulipomrudisha mtu mezani, tulifanyaje?

Ndugu Wapendwa, ndani ya kila kanisa letu unaning'inia msalaba. Aliyetundikwa hapo alihukumiwa na baraza halali, umati ukapiga kelele kukubali, na aliuawa kati ya wahalifu wawili akihesabiwa mmoja wao. Siku ile watu wema wa mji walirudi nyumbani wakiamini kwamba mwovu ameondolewa. Sisi tunaomsujudia Yeye tungepaswa kuwa wa mwisho kuokota jiwe, na wa kwanza kuuliza: ametenda nini?

Tume ya Haki na Amani